Farasi au torki? Kuchagua injini ya pikapu, na ya boti, kwa mtu wa Moshi au Arusha

Anayeuza pikapu atakutajia cc na farasi. Anayeuza mashine ya boti atakutajia farasi tu. Hakuna aliyekudanganya, lakini hakuna pia aliyekuambia unachotaka kujua: hao farasi wanapatikana injini ikizunguka kiasi gani, na kazi yako inawahitaji wakati gani. Anayenunua samaki bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwauza Moshi anakutana na swali hilo mara mbili, majini na barabarani, na jibu la majini halimsaidii barabarani.

Hapa tunalinganisha injini tatu za pikapu: dizeli isiyo na turbo, dizeli ya turbo, na petroli. Mifano ni ya Toyota kwa sababu spea zake ziko kila kona: 5L, 2GD na 2TR, ambayo ni majina ya injini, si lita. Mwenye Ranger, Navara au D-Max atumie vigezo hivi hivi, abadilishe namba. Mwishoni tunashuka bwawani.

Namba mbili zinasema nini

Torki ni nguvu ya kusokota. Chukua spana yenye mpini wa mita moja, ning'iniza kilo 10 mwishoni: nati imepata karibu nyutoni-mita (Nm) 98, iwe imezunguka au imegoma. Farasi ni torki hiyo pamoja na kasi ya kuzunguka. Zidisha Nm kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9,549, umepata kilowati. Zidisha kilowati kwa 1.36, umepata farasi kama wanavyoandikwa kwenye karatasi nyingi za magari ya Kijapani.

Sasa ipe kazi. Pikapu ina kilo 3,000 pamoja na mzigo, inapanda mlima wa asilimia 10 kwenye barabara ya vumbi. Mlima peke yake unaivuta nyuma kwa nyutoni 2,940; matairi na vumbi vinaongeza kama 740. Ukitaka kupanda kwa kilomita 30 kwa saa, na ukihesabu kinacholiwa na giaboksi na difu, injini itoe kama kilowati 36. Ukitaka kilomita 60 kwa saa, itoe kama 72.

Kilowati 36 hakuna pikapu inayozikosa, ndiyo maana hata Hilux kuukuu inafika Marangu na saruji. Tofauti ni gia gani itatumia na italia kiasi gani. Kwa mizunguko 1,400, dizeli ya turbo yenye Nm 343 tayari ina kilowati 50 mkononi. Dizeli isiyo na turbo, yenye Nm 197, kwa mzunguko huo huo haiwezi kuzidi 29. Petroli yenye Nm 245 haifikishi 36, hata tukiipa torki yake ya juu kabisa, ambayo kwa mzunguko huo haipo.

Vigezo, na hewa ya huku

Kila injini tutaiuliza mambo manne: inavuta vipi, inakunywa nini, inaharibika vipi, na inamfaa nani. Swali la kwanza huku kwetu lina mtego. Namba za kiwandani zinatolewa kwa hewa ya usawa wa bahari. Moshi mjini hewa imebaki kama asilimia 92 ya ile ya Tanga. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, imebaki 87. Ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300, imebaki kama 80. Injini inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Turbo inasukuma hewa ndani, hivyo inafidia sehemu kubwa ya upungufu.

| | Dizeli bila turbo (5L, lita 3.0) | Dizeli ya turbo (2GD, lita 2.4) | Petroli (2TR, lita 2.7) |
|---|---|---|---|
| Kilowati | karibu 70 kwa mizunguko 4,000 | 110 kwa 3,400 | 122 kwa 5,200 |
| Torki | karibu Nm 197, kwenye 2,200 hadi 2,400 | Nm 343 kwa 1,400–2,800 (gia 5 za mkono); Nm 400 kwa 1,600–2,000 (gia 6) | Nm 245 kwa 4,000 |
| Kilowati zinazobaki Arusha | kama 61 | karibu zile zile | kama 106 |
| Taimingi | mkanda | cheni | cheni |

Petroli ndiyo inayoongoza kwa farasi, na kwenye torki imeachwa mbali na dizeli ya turbo. Mtu akinunua kwa kuangalia mstari wa kwanza tu, atashangaa siku ya kwanza akiwa na tani moja nyuma.

Dizeli isiyo na turbo

*Inavuta vipi.* Torki yake ni ndogo lakini imetandazwa. Kutoka 1,500 hadi 3,000 haina ghafla yoyote. Unaachia klachi kwenye tope bila kukanyaga mafuta, gari inatambaa. Shida ni mwendo. Zile kilowati 61 zinazobaki Arusha hazifiki 72, kwa hiyo ule mlima wetu kwa kilomita 60 kwa saa hauwezekani hata uendeshe kwa ufundi gani. Hesabu 40 hadi 45, ukiwa gia nzito (ya namba ndogo). Ndugu yake mkubwa, 1HZ ya cc 4,164 kwenye Land Cruiser pikapu, ana Nm 285 kwa mizunguko 2,200 na kilowati 96: tabia ile ile, kifua kipana zaidi, na bei ya kununulia iko juu sana.

*Inakunywa nini.* Ikiwa na mzigo, lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100. Haichagui sana, dizeli yenye uchafu kidogo itaziba filta, ukibadilisha mnaendelea.

*Inaharibika vipi.* Adui yake ni kuchemsha. Rejeta imejaa tope kwa nje, klachi ya feni imelegea, dereva anapanda kwa gia nyepesi (ya namba kubwa) huku amekanyaga mpaka chini. Mshale ukipanda mara moja tu bila kuonekana, gasketi ya hedi inaungua au hedi yenyewe inapasuka. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Halafu kuna ugonjwa wa kujitakia: kufungua pampu. Fundi anageuza skrubu ili dizeli iingie nyingi, gari inachangamka, mwenye gari anafurahi. Lakini hewa haikuongezeka. Dizeli isiyopata hewa inatoka moshi mweusi, joto la moshi linapanda, na hedi ndiyo inayolipa. Kwa mwinuko wa Arusha, ambako hewa ni haba tangu mwanzo, pampu ilipaswa kupunguzwa kidogo, si kuongezwa.

*Inamfaa nani.* Anayekwenda mbali na mafundi wa kompyuta: Simanjiro, Longido ndani, mashamba ya Ngare Nanyuki. Na asiye na haraka.

Dizeli ya turbo

*Inavuta vipi.* Chini ya mizunguko 1,300 hivi imelala. Kuanzia 1,400 inaamka yote kwa pamoja, na mlima ambao 5L inaupanda kwa gia ya pili, hii inaupanda kwa gia ya tatu huku mnaongea kwa sauti ya kawaida. Aliyezoea injini za zamani hukosea kwenye kuondoka. Anaachia klachi injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), turbo haijaamka, gari inataka kuzima, anashikilia klachi nusu, baada ya miezi michache klachi inanuka. Ipandishe mpaka 1,500 kwanza, kisha achia moja kwa moja. Na ukivuka 3,000 badilisha gia; huko juu torki imeshashuka, unaongeza kelele kuliko nguvu.

*Inakunywa nini.* Lita 8 hadi 10 kwa kilomita 100 ikiwa na mzigo. Ila inachagua. Mfumo wa komoni reli unasukuma dizeli kwa zaidi ya baa 2,000 kupitia matundu membamba kama unywele. Maji kidogo au mchanga wa kwenye dumu unatosha kuharibu nozeli, na nozeli nne pamoja na kuzikodi kwenye kompyuta ni bei ya kukaa chini ukiisikia. Jaza kwenye kituo chenye foleni ya magari ya mizigo, kwa kuwa dizeli yake haikai tenkini. Badilisha filta kila kilomita 10,000, na taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi simama umwage maji siku hiyo hiyo.

*Inaharibika vipi.* Kitu cha kwanza cha kuangalia ikipungua nguvu si turbo, ni mipira inayopeleka hewa kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo). Ukisikia mluzi au pumzi ikitoka, moshi mweusi nyuma, gari nzito: mpira umechanika au klipu imelegea, na huo ni ufundi wa nusu saa. Turbo yenyewe hufa kwa oili chafu au kwa kuzimwa ikiwa ya moto. Ukitoka kupanda mlima na mzigo, iache inguruma dakika moja kabla ya kuzima. Kama gari imetoka Ulaya, uliza kuhusu kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Gari inayozunguka mjini tu haipati joto la kukisafisha, kinaziba, na nguvu inakatwa na kompyuta.

*Inamfaa nani.* Anayebeba tani moja kila siku, kilomita nyingi, milima mingi, na yuko ndani ya umbali wa kuvutwa mpaka kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Petroli

*Inavuta vipi.* Torki yake yote iko 4,000. Kwa hiyo mlimani lazima ilie: gia ya tatu au ya pili, mizunguko 3,500, na hapo inapanda vizuri kabisa, hata kuipita 5L. Inaonekana dhaifu kwa sababu madereva wetu wengi wamelelewa na dizeli. Wakisikia injini inalia wanaihurumia, wanaweka gia nyepesi. Petroli ikikokotwa kwa 1,800 na mzigo inaanza kugonga, ile sauti kama kokoto kwenye kopo, na pistoni inaumia. Kulia kwake ndiko kufanya kazi.

*Inakunywa nini.* Lita 12 hadi 15 kwa kilomita 100 ikiwa na mzigo. Bei kikomo za EWURA hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Chukua zote mbili, ya petroli na ya dizeli za mji wako, zidisha kwa lita zitakazotumika kwa kilomita zako, usibahatishe.

*Inaharibika vipi.* Plagi, koili, pampu ya mafuta ndani ya tenki. Vyote ni vya bei ndogo, na mafundi wake ni wengi. Usiiendeshe taa ya tenki imewaka kila siku, maana pampu inapozwa na petroli yenyewe.

*Inamfaa nani.* Kilomita chache, mzigo mwepesi, safari za mjini, gari ya duka au ya familia inayobeba mbao mara moja kwa mwezi.

Mambo mawili yanayosahaulika

Kwanza, uliza mzigo wako unapanda au unashuka. Ndizi na kahawa za Marangu, Machame na Kibosho zinashuka. Saruji, mabati na nondo ndivyo vinavyopanda. Anayeshusha ndizi hahitaji torki nyingi, anahitaji breki nzima na gia. Hapo petroli ina faida ndogo isiyotajwa: ukiachia mafuta, kipepeo cha hewa kinafunga na injini inashikilia gari vizuri. Dizeli inashikilia kwa nguvu ndogo kuliko hiyo, kwa gia tu. Kwa zote kanuni ya zamani inatosha: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia.

Pili, matairi. Ukitoa 205R16 na kuweka 265/65R17 ili gari ikae vizuri machoni, kipenyo kimeongezeka kama asilimia 5, na nguvu ya kusukuma kwenye lami imepungua asilimia 5 katika kila gia. Kwa mwenye turbo ni kitu kidogo. Kwa mwenye 5L ambaye tayari hewa imemnyang'anya 13, inaumiza.

Jaribio kabla ya kulipa

Usijaribu pikapu tupu kwenye lami ya mjini. Hapo zote zinavuta. Pakia mifuko 10 ya saruji, kilo 500, uende mlima mrefu: Himo kupanda Marangu, Moshi kupanda Kibosho, au, kwa Arusha, barabara za kupanda Ilboru. Tia gia ya tatu, mizunguko 1,500, kanyaga mpaka chini, hesabu sekunde mpaka 2,500. Pikapu mbili za injini moja zikipishana sana, ile ya nyuma ina tatizo. Mwenzako aangalie moshi: mweusi ni dizeli nyingi au hewa haba, wa bluu ni oili, mweupe usioisha injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanaingia. Ukifika juu, usiguse kifuniko cha rejeta. Fungua cha oili injini ikinguruma. Pumzi ikitoka kwa msukumo kama bomba la pikipiki, ringi zimekwisha.

Bwawani hesabu inageuka

Mashine ya boti ya farasi 40 ina kilowati 29.4. Kwa mizunguko 5,000, hiyo ni Nm 56 tu, chini ya theluthi ya 5L. Inawezaje kusukuma boti na samaki? Kwa sababu maji yanasamehe. Propela ikizunguka nusu ya kasi, inahitaji moja ya nane tu ya nguvu. Mlima hausamehi hivyo: unakuvuta nyuma kwa nguvu ile ile uwe unatembea 10 au 60. Ndiyo maana watengenezaji wa mashine za boti hawahangaiki kuandika torki. Nguvu inayohitajika iko juu ya mizunguko, na injini iko huko huko juu.

Farasi wengi nao wana kikomo. Boti nzito ya kukata maji, yenye urefu wa mita 7 majini, inafika kama kilomita 12 kwa saa na kugoma, kwa kuwa imekaa kati ya mawimbi yake yenyewe. Ukitoa 15 ukaweka 40, unapata mawimbi makubwa na dumu tupu. Farasi 40 wana maana kwa boti nyepesi ya tumbo bapa inayoweza kupanda juu ya maji.

*Mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili:* ya farasi 15 ina kama kilo 36, mtu mmoja anaibeba begani. Ikifunguliwa yote inakunywa kama lita 7 kwa saa. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 500 za oili kwa dumu la lita 25. Ikiwa mpya, lita nzima. Tumia oili ya mashine za boti yenye alama TC-W3. Ya pikipiki inaacha majivu yanayoua plagi. Inamfaa anayeing'oa kila jioni.

*Mipigo minne:* farasi 15 ina kama kilo 52, inakunywa kama lita 5 kwa saa, haichanganywi, iko kimya. Lakini ina oili ya kubadilisha, valvu za kurekebisha, na haivumilii kulazwa ubavu usiofaa. Inamfaa anayezunguka saa nyingi kila siku na ana mahali pa kuifungia.

Zote mbili zinauawa na kitu kimoja, pampu ya maji iliyolika kwa tope. Uzi wa maji unaotoka nyuma ukiwa dhaifu, zima. Badilisha impela kila mwaka.

Giaboksi ya boti ni propela. Boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida na mafuta yamefunguliwa yote, mashine nyingi za mipigo miwili zinatakiwa zifike kati ya 4,500 na 5,500, za mipigo minne mara nyingi juu kidogo ya hapo. Ikiishia 4,200, propela ina pichi (umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja) kubwa mno na injini inakokotwa, sawa na petroli iliyowekwa gia nyepesi mlimani. Punguza inchi moja ya pichi, utapata mizunguko kama 150 hadi 200. Nyumba ya Mungu iko karibu mita 690 juu ya bahari, asilimia 6 hivi ya nguvu imeshakwenda, kwa hiyo propela iliyofaa Tanga inaweza kuwa kubwa kwako.

Kwa hali yako

Unapandisha vifaa vya ujenzi kila siku Marangu, Machame au Karatu: dizeli ya turbo, gia 6 ukiipata, na bajeti ya filta isiyoguswa.

Unashusha ndizi na kupanda tupu: petroli au 5L, pesa iliyobaki iende kwenye breki na matairi.

Uko mbali na lami, mafuta yako yanakuja na madumu: isiyo na turbo, 1HZ kama mfuko unaruhusu.

Gari inakaa mjini Arusha, kilomita chini ya 40 kwa siku: petroli.

Una boti nzito ya mita 7 na unadhani mashine ya 15 imechoka: azima propela ya pichi ndogo kwa inchi moja, pakia mzigo wa kawaida, soma mizunguko. Fanya hivyo kabla ya kwenda kuulizia bei ya 40.